Msitu wa Malava: tuhesabu na miche pia

Ukitoka Kakamega kuelekea Webuye, barabara inapita katikati ya msitu wa Malava. Abiria huona kijani kulia na kushoto, wakaridhika kwamba msitu bado upo. Mimi ni mtaalamu wa mimea, na kuridhika huko kunanitia wasiwasi.

Malava, Kisere na Kaimosi ni vipande vilivyomeguka kutoka Msitu wa Kakamega, ambao nao ni masalio ya mashariki ya msitu mkubwa wa mvua wa Kongo. Kati ya kipande na kipande sasa kuna mahindi, miwa, chai na mikaratusi. Mti uliokomaa unaweza kuvumilia miaka mingi baada ya mazingira yake kuharibika. Kwa hiyo ukiorodhesha miti mirefu tu, utapata aina nyingi za kupendeza, lakini hiyo ni miti iliyoota zamani, msitu ukiwa mzima. Inama utafute watoto wake. Kuna aina ambazo utawatafuta hadi uchoke.

Chanzo kimoja cha kukosekana kwa miche ni ukingo, yaani pembezoni mwa msitu. Jua la ubavuni na upepo huingia, udongo unakauka, na miche iliyozoea kivuli inakufa. Tuchukue msitu wa mraba wenye upande wa kilomita 1, tuseme ukavu unaingia mita 100 kila upande: tayari asilimia 36 imekuwa ukingo. Upande ukiwa mita 300, kati ya hekta 9 inabaki hekta 1 tu yenye unyevu wa ndani. Wanaoneemeka ni mpera na lantana, wageni wote wawili kutoka Amerika, wanaopenda mwanga.

Chanzo cha pili ni wabebaji wa mbegu. Mwiritsa, yaani Prunus africana, huzaa vitunda vya mviringo, vipana kuliko virefu, ambavyo vikiiva hugeuka zambarau iliyokolea. Ndege na kima huvila na kusambaza mbegu. Zinazoanguka chini ya mama huota kwa wingi, kisha kivuli chake kinazimaliza. Juu ya hayo, gamba lake linatafutwa kwa dawa ya tezi dume, na mti uliochunwa pande zote hufa umesimama. Tangu 1995 biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti, jambo jema, ila sheria ya bandarini haioteshi mche Malava. Mukombero, mmea wa kutambaa, nao unachimbwa mzizi, na mzizi ukishang'olewa wote, mmea umekwisha.

Kuzungushia kipande ua hakutoshi, nasema hivyo bila kusita. Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa, huruka juu ya mashamba akiwa na mbegu tumboni, lakini anahitaji mahali pa kutua. Miti ya kienyeji itampa: mukumari mmoja mpakani mwa shamba, mutere karibu na mto, mwiritsa nyuma ya boma; hiyo ndiyo njia yake kutoka kipande hadi kipande.

Ukitaka kuanza na mwiritsa, okota vitunda vilivyoiva, toa nyama, osha mbegu na uzianike kivulini, kamwe si juani. Zipande mapema, kwa sababu zikikauka kabisa hazioti. Miche ikipata nguvu kitaluni, ipande shambani kwako. Ndani ya msitu, zungumza kwanza na chama cha jamii cha misitu na ofisi ya msitu iliyo karibu, mkubaliane mbegu zitoke miti gani, maana mbegu za mti mmoja pekee zitatupa msitu wa ndugu wa tumbo moja.