Ukuta Umepasuka, Wewe Unaongeza Saruji

"Mhandisi, safari hii tutaongeza nondo na saruji, hautapasuka tena." Kauli hii huipati kwa mteja mmoja wala wawili, na fundi huwa pembeni anaitikia kwa kichwa. Nani aliwaambia kwamba kila ufa wa ukuta huanzia ukutani?

Dhana: Msingi imara hushinda udongo wowote

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Kuna udongo wa mfinyanzi, hasa wenye madini ya montimorilonaiti, ambao ukinywa maji huvimba na ukikauka husinyaa hadi ardhi inapasuka. Ukiuzuia usivimbe, msukumo wake unaweza kufika mamia ya kilopaskali. Kilopaskali 100 ni kama tani 10 juu ya kila mita ya mraba, na nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa mara nyingi haikandamizi ardhi kiasi hicho. Basi inanyanyuliwa, nondo zake na saruji yake zote.

Ingenyanyuliwa sawasawa, usingeona ufa. Tatizo ni kwamba mvua huloweka kando za nyumba huku chini ya sakafu, katikati, kumekauka. Kando zinapanda, katikati panabaki. Kiangazi kando zinashuka tena. Ndipo unapoona ule ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha. Utazame vizuri kabla hujauziba kwa plasta: ukiwa mpana juu, mara nyingi kando zimeshuka, ukiwa mpana chini, zimeinuka. Mlango unaogoma kufunga wakati wa mvua na kufunga wenyewe wakati wa ukame unakueleza habari hiyohiyo.

Mnara wa Pisa, Italia, ulianza kujengwa mwaka 1173 na ukaanza kuinama ungali kwenye ghorofa za chini, kwa sababu ya udongo laini. Kati ya 1999 na 2001 ulirudishwa takriban nusu digrii kwa kuchota udongo kidogo kidogo chini ya upande wa kaskazini. Dawa ilikuwa ardhini.

Kipimo cha kuanzia si cha gharama. Chukua udongo mkavu uliochekechwa, gramu 10 kwenye silinda (chupa ndefu ya kupimia yenye alama) ya maji na gramu 10 kwenye silinda ya mafuta ya taa, uache saa 24. Mafuta ya taa hayauvimbishi, maji huuvimbisha. Udongo mkorofi utauona kwenye maji umepanda hata maradufu ya mwenzake. Ukijua hilo mapema, tabaka jembamba unaliondoa na kuweka kifusi kisichovimba, au unachanganya chokaa, au unashusha nguzo hadi kina ambacho unyevu haubadiliki. Na maji, jamani! Weka mifereji ya paa, sakafu ya nje yenye mteremko, na bomba linalovuja lizibwe leo. Watu wanachagua vigae kabla ya kupima udongo, kisha vigae vinapasuka nao wanashangaa.

Dhana: Nondo zikizidi, usalama unazidi

Boriti yenye nondo kupita kiasi hufeli kwa zege kupondeka ghafla kabla chuma hakijavutika. Yenye nondo za kiasi hukuonya kwanza, hupinda na kuonyesha nyufa, ukapata muda wa kutoka. Mchoro ukisema nondo nne, weka nne.

Dhana: Zege likikauka limekomaa

Zege hukomaa kwa saruji kuungana na maji, si kwa kukauka. Limwagilie angalau siku 7. Nguvu yake hupimwa siku ya 28. Anayeongeza maji kwenye mchanganyiko ili umwagike kirahisi anapunguza nguvu hiyo kwa mikono yake.

Dhana: Nyumba ya udongo ni ya kimaskini

Shibam, Yemen, kuna majengo ya matofali ya udongo yanayofika ghorofa saba, mengi ya tangu karne ya 16. Utengenezaji wa saruji, kwa upande wake, hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine na saruji kidogo, asilimia 5 hadi 10, hayachomwi kwa kuni na hubeba nyumba vizuri yakikingwa na mvua. Ila huo mfinyanzi unaovimba usiufyatulie tofali. Tafuta udongo wenye mchanga wa kutosha.