Jigi ya mapezi ya roketi: mnayoambiana na ukweli wenyewe

Kila anayeniletea roketi ya mfano, hizi ndogo za kujitengenezea, iliyojizungusha angani ananiambia neno lilelile, "lakini mapezi yako digrii 120 kabisa, jigi nimetengeneza mwenyewe na nimepima." Jamani. Jigi ni kile kishikio cha kuyaweka mapezi mahali pake kwenye tyubu, yaani mwili wa roketi, mpaka gundi ikauke. Ukiitazama kwa nyuma ni kweli yamepangika vizuri sana, ila hebu ishike usawa wa macho, funga jicho moja, angalia pezi moja moja kwa urefu wa tyubu. Hapo ndo utakuta moja limeangalia kushoto.

Pezi likikosea nafasi yake kwenye mzunguko kwa digrii moja au mbili, bado linakata upepo likiwa limenyooka, roketi wala haisumbuki. Pezi likipinda digrii hiyohiyo kutoka kwenye mstari wa tyubu ni kesi nyingine, muda wote roketi inapanda lenyewe linasukumwa pembeni na upepo. Yakipinda yote upande mmoja roketi inajizungusha kama pia na mwinuko unapungua, likipinda moja peke yake ni mbaya zaidi maana linazungusha na hapohapo linavuta mkia pembeni. Na hiyo digrii moja ni ndogo kuliko mnavyodhani: pezi lenye shina (ukingo unaogusa tyubu) la 60 mm, ncha ya mbele ikihama milimita 1 tu basi umeshafika.

Tatizo ni kwamba jigi nyingi za nyumbani ni kadibodi moja yenye tundu katikati na mipasuo mitatu. Kadibodi moja inalishika pezi sehemu moja tu, yaani inapanga mzunguko halafu inaliacha pezi liyumbe huku na huku. Kata mbili, uzikate zikiwa zimebanwa pamoja ili mipasuo ifanane, kisha moja ikae karibu na mwanzo wa pezi na nyingine karibu na mwisho, na uziunge kwa nguzo pembeni zisigeuke kila moja kivyake. Na mistari kwenye tyubu chora tu hata kama una jigi nzuri kiasi gani! Laza tyubu kwenye kona ya fremu ya mlango au engo ya alumini, pitisha penseli, basi.

Wengine wanasema lazima iwe ya printa ya 3D au plaiwudi ya leza. Hapana. Kadibodi ngumu na wembe mpya vinatosha, wembe butu ndo unaoharibu kazi.

Eti mpasuo ukibana sana ndo usahihi. Ukibana sana, siku ya kuchomoa jigi unang'oa na pezi. Jaribu kwa kipande cha balsa (mbao nyepesi) ileile ya mapezi, na ujaribu baada ya kupiga msasa na rangi ya kuziba vinyweleo, sio kabla, unene unabadilika.

Protrakta kwenye tyubu achaneni nayo. Zungusha ukanda wa karatasi, weka alama unapokutana, fungua, gawa kwa tatu. Tyubu ya 41.6 mm ina mzunguko wa kama 130.7 mm, kwa hiyo kila pezi lipo 43.6 mm kutoka kwa mwenzake.

Halafu kuna wanaoamini jigi ikiwa sahihi roketi itakuwa thabiti. Uthabiti unatokana na kitovu cha uzito kukaa mbele ya kitovu cha mgandamizo wa hewa (pale nguvu ya upepo inapokusanyikia), angalau kwa kipenyo kimoja cha tyubu, na jigi haigusi hilo hata kidogo. Pua ikiwa nyepesi mno, mapezi yaliyonyooka hayakuokoi.

Gundi sasa. Supagluu haikupi muda wa kurekebisha, tumia gundi ya mbao, paka shina na tyubu, acha ishike kidogo, paka tena ndo uingize kwenye jigi. Pale mpasuo unapokutana na tundu kata kona ziwe wazi, la sivyo utagandisha jigi na roketi pamoja. Gundi ya kujazia pembeni mwa shina usiweke humo ndani, toa kwanza roketi, ilaze, ujaze pande mbili zinazotazama juu, zikikauka ndo ugeuze.