Bosi Mpole Naye Anachosha

Nilipokabidhiwa timu ya watengeneza programu nilijiona bosi mzuri. Sikufoka, sikumpigia mtu simu usiku, na kila nilipoulizwa tufanye hivi au vile, jibu langu lilikuwa, "Nyie ndio wataalamu, amueni." Baada ya miezi michache dada mmoja, hodari kuliko wote pale, akaniaga. "Kaka, kila Jumatatu mteja anabadilisha anachotaka, na hakuna wa kumwambia hapana."

Wa kumwambia hapana nilikuwa mimi.

Mwaka 1979 mtafiti wa Marekani, Robert Karasek, alionyesha kwamba msongo mbaya wa kazi hauletwi na wingi wa kazi peke yake. Hatari ni kazi nyingi ikikutana na sauti ndogo: unadaiwa mengi, lakini huna neno juu ya namna ya kuyafanya. Kwenye fani yetu hiyo ni habari ya kila siku. Tarehe ya kuzindua inatangazwa kwa mteja kwanza, halafu ndipo mwenye kuandika programu anaulizwa kazi ina ukubwa gani. Na huyo akilala, anaota tiketi, yaani orodha ya kazi zinazomsubiri.

Bosi wa amri wote tunamjua, sina haja ya kumchora. Ubaya wake mkubwa, kwa maoni yangu, si ukali. Ni kwamba watu wanaanza kumficha makosa, na kosa la programu likifichwa linakua.

Ila mimi namwogopa zaidi bosi wa aina yangu ile ya zamani. Usiku wa 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowatunzia watengeneza programu kazi zao mtandaoni, alikuwa akihangaika na hifadhidata iliyozidiwa. Akafuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili. Kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5. Wakakimbilia bakapu, yaani nakala za akiba, wakakuta hazikuwa zikifanya kazi. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kama muda wa saa sita hivi kabla ya ajali, tena kwa shughuli nyingine kabisa.

Kampuni haikutafuta mchawi. Kazi ya kuokoa data ilirushwa mubashara YouTube, kisha ikatoka ripoti iliyouliza "kwa nini" juu ya "kwa nini". Mbona bakapu hazikuwa zikijaribiwa? Kwa sababu hazikuwa na mwenyewe. Hakuna aliyepewa jukumu hilo.

Niliposoma hapo nilifunga kompyuta nikatoka kununua chai. Kumbe "amueni wenyewe" yangu ilikuwa inazaa vitu visivyo na mwenyewe, na wasiwasi wake walikuwa wanaubeba wengine.

Siku hizi tarehe anaitaja anayefanya kazi, na kila mfumo una jina la mtu ubavuni. Kubishana na mteja ni kwangu, na sijaizoea. Ijumaa iliyopita mmoja alipiga saa kumi na moja jioni, anataka ukurasa wa malipo ubadilishwe kabla ya Jumatatu. Nilitoka nje nikaongea naye nikizunguka gari langu kama mlinzi, karibu nusu saa. Niliporudi ndani, vijana walikuwa wameshaondoka.