Bibi kaanguka na hasimami? Msimkande!

Maswali haya tunaulizwa kila mara wodi ya mifupa, na ndugu wa wagonjwa na hata na wenzetu wa zahanati.

Osteoporosisi ni nini?
Ni mifupa kupungua uimara hadi ivunjike kwa jambo dogo, kama kuteleza bafuni. Haiumi, kwa hiyo wengi hawajui kuwa wanayo mpaka wavunjike kifundo cha mkono, uti wa mgongo au nyonga. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, kwa kuwa homoni iliyokuwa ikilinda mifupa yao imeshuka.

Bibi ameanguka, mguu unauma, hasimami. Tumkande kwanza?
Hapana. Mzee akianguka akashindwa kusimama, chukulieni kwamba nyonga imevunjika mpaka eksirei ikatae. Mlazeni chali mumtazame: mara nyingi mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwenzake, unyayo umelalia nje, na maumivu yako kwenye kinena. Msiseme ameteguka. Mkimkanda, ncha za mfupa zinasagana, damu inazidi kuvujia ndani, na mfupa uliokuwa umepasuka tu unaachana kabisa.

Lakini jana alitembea kidogo.
Bado msimkande. Kuna mivunjiko ambayo ncha za mfupa zimebanana. Mgonjwa anachechemea siku mbili tatu, kisha akigeuka kitandani mfupa unaachia. Mleteni angali anachechemea.

Fundi wa mifupa kijijini amewaponya wengi. Tusubiri wiki mbili tuone?
Msisubiri hata siku moja! Mkono wa mtoto huunga haraka, na fundi akiufunga vijiti anasifiwa. Shingo ya mfupa wa paja la mzee ni habari nyingine: ukivunjika pale, mishipa inayolisha kichwa cha mfupa inaweza kukatika, na vijiti havifiki huko. Kwa kawaida panahitaji upasuaji, na inashauriwa ufanyike ndani ya saa 36 hadi 48. Sisi tunawapokea wiki ya tatu, nyonga imepakwa majani, na tukifunua shuka tunakuta kidonda kikubwa kama kiganja juu ya makalio. Mwingine ana nimonia, mwingine damu imeganda mguuni. Kulala huko ndiko kunakowaua wazee wetu. Naomba mnielewe: hakuna kukanda, hakuna kusubiri.

Ana miaka 80. Upasuaji si utamuua?
Umri peke yake si sababu ya kumnyima. Hatari ipo, na daktari wa usingizi atampima moyo, damu na sukari. Ila kumwacha kitandani kwa kawaida ni hatari zaidi. Wengi wakishapasuliwa, kesho yake wanasimamishwa kwa kushikiliwa.

Sisi wa zahanati hatuna eksirei, tufanyeje?
Rufaa haihitaji eksirei. Mpeni dawa ya maumivu, wekeni mto katikati ya miguu, fungeni mguu mbovu na mzima pamoja kwa kanga, asafirishwe amelala. Bodaboda hapana. Na ile tabia ya kuchoma sindano ya maumivu kisha "rudi baada ya siku 5" tuiache, jamani. Yapo masomo ya uzamili ya afya ya mifupa yanayosomwa kwa masafa ukiwa kazini, na anayeweza ayasome. Lakini kutambua mguu uliofupika na kugeukia nje hakusubiri shahada.

Kuna dawa zinazodhoofisha mifupa?
Ndiyo, hasa prednisoloni ikitumika miezi 3 au zaidi. Hii na deksamethasoni watu wananunua dukani bila cheti cha daktari ili wanenepe au watulize magoti. Acheni kabisa kujinunulia! Aliyekwisha kuzitumia muda mrefu asikatishe ghafla, ni hatari. Amwone daktari azipunguze taratibu.

Akishatoka hospitali?
Aliyevunjika mara moja ni rahisi kuvunjika tena, kwa hiyo ulizeni kuhusu dawa ya mifupa kabla ya kuruhusiwa. Akipewa alendronati ya mara moja kwa wiki, aimeze asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, kisha asilale wala kula kwa dakika 30. Ale dagaa wazima, anywe maziwa, aote jua. Nyumbani, ondoeni mikeka inayoteleza na muweke taa njia ya chooni.