Mabinti wa Baba Mmoja: Siri Inapofichuka Wakati wa Matanga

Katika kazi yangu ya ushauri nasaha hapa Kisumu, nimeona kwamba familia ya pili ya mwanamume hujitokeza wakati wa matanga kuliko wakati mwingine wowote. Simu ya marehemu hufunguliwa ili madeni yajulikane, na binti yake akakuta fedha zilizokuwa zikitumwa kwa M-Pesa kila muhula ulipoanza, kwa mwanamke asiyemjua. Pengine ni wasifu unaoandaliwa kwa ajili ya kitabu cha mazishi, na baba mdogo, ambaye miaka yote alikuwa akijua, analazimika kusema kwamba orodha ya watoto haijakamilika. Visa nitakavyovitaja nimevichanganya na kuvibadilisha ili asitambulike mtu.

Wengi wanaonijia huanza kwa kulaumu ukewenza, nami huwaomba tuuweke kando kwanza. Katika boma la Mjaluo, mikai, yaani mke wa kwanza, alikuwa na nyumba yake, na nyachira, yaani mke wa pili, na yake, na mtoto alijua tangu utotoni ni nani aliyezaliwa katika nyumba ipi na nani anamtangulia. Wivu ulikuwapo, na neno la Kijaluo la wivu, nyiego, lina undugu na nyieka, yaani mke mwenza. Hata hivyo, wivu huo ulielekezwa kwa watu waliojulikana kwa sura na majina. Siri humnyima mtoto hata hilo, kwa kuwa humwachia dada ambaye hakuwahi kugombana wala kupatana naye.

Binti wa nyumba iliyojulikana, kwa kawaida, haumizwi kwanza na mali. Huumizwa na kumbukumbu zake mwenyewe. Hurudi nyuma mwaka baada ya mwaka akizipima upya safari za kikazi za Eldoret, Krismasi ambayo baba alifika jioni akiwa ameshiba, na siku ya ziara shuleni ambayo hakutokea kwa sababu gari, kwa maneno yake, lilikuwa limeharibika. Mmoja alinieleza kwamba alikuwa amelelewa kama kifungua mimba, akabeba mizigo yote ya kifungua mimba, kisha akiwa na umri wa miaka 34 akaambiwa kwamba yuko dada aliyemtangulia kwa miezi minane. Miezi hiyo minane ilimchoma kuliko kifo chenyewe, kwa maana ilimwonyesha kwamba mama yake alidanganywa tangu mwanzo kabisa.

Kwa upande wa pili, jambo ambalo husahaulika ni kwamba aliyefichwa mara nyingi hakufichwa ukweli. Alijua. Alikua akijua kwamba baba analala mahali pengine, kwamba wakikutana mjini asimwite baba, na kwamba wako watoto wengine, ambao picha zao aliwahi kuzitazama mtandaoni usiku, akilinganisha paji lao la uso na lake. Hivyo basi wanapokutana, mmoja anamwona mgeni kabisa, na mwenzake anamwona mtu ambaye amemfuatilia kwa miaka kumi. Huyu wa pili huja na shauku, akataka kukumbatia, na ubaridi anaopokelewa nao huuona kuwa dharau. Wazee wa familia hulifanya jambo kuwa gumu zaidi wanaposema, “Nyinyi ni damu moja, salimianeni,” kana kwamba salamu ingeweza kulipa pengo hilo kwa siku moja.

Mali nayo haiwezi kuepukwa, na ni vyema iwekwe wazi mapema. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, humhesabu mtoto wa marehemu kuwa mtegemezi hata kama hakuwa akitunzwa naye karibu na kifo chake, na aliyezaliwa nje ya ndoa huingia pia iwapo marehemu alimtambua kuwa wake. Kifungu cha 40 kinahusu mwanamume aliyekuwa na wake zaidi ya mmoja chini ya mfumo unaoruhusu hivyo, akafa bila wosia. Mali hugawiwa nyumba kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, na mjane aliye hai huongezwa kama fungu moja. Nyumba yenye mjane na watoto watatu ina mafungu manne, na yenye mjane na watoto wawili ina matatu. Wanaodhani watamaliza jambo kwa kuliacha jina moja nje ya barua ya chifu inayoorodhesha warithi wajue kwamba kuificha mahakama taarifa ya maana ni sababu ya kubatilisha idhini ya kusimamia mirathi.

Palipo na shaka, mimi hupendekeza vinasaba vipimwe mapema, kabla maneno hayajawa makali. Baba ana kromosomu moja tu ya X, na hiyohiyo ndiyo anayompa kila binti yake. Kwa hiyo mabinti wawili waweza kupimwa wao wenyewe bila mtu kugusa kaburi.

Mkutano wa kwanza huwa wa mabinti peke yao. Mama hawaji, wala baba wadogo na shangazi, na shamba halitajwi. Kila mmoja huja na picha moja ya baba, akaeleza ilipigwa wapi na mwaka gani. Simwombi yeyote asamehe, kwa maana aliyekosa hayupo, na waliopo chumbani hawakukosana. Mara nyingi saa nzima hupita wakilinganisha tarehe tu, na mimi huwaacha.

Mwaka jana mabinti wawili waligundua katika kikao kama hicho kwamba wote walipewa jina la nyanya yao, mama yake baba, ambaye alifariki kabla hawajazaliwa. Mkubwa alikasirika akatoka nje, akasimama kwenye varanda kwa muda mrefu, kisha akarudi na kuuliza kama mwenzake alipewa pia lile jina la utani la nyanya. Alikuwa amepewa. Mpaka sasa hawaitani dada, na mirathi yao bado iko mahakamani. Wanapopigiana simu, huitana wajina.