Historia ya Mlimani imo masandukuni mwa waliosoma pale

Aliyewahi kushika noti ya shilingi 500 ya toleo la 2010 ameubeba mfukoni Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, maana picha yake ipo nyuma ya noti hiyo. Sura ya jengo haitapotea. Kinachopotea ni yale yaliyosemwa ndani na pembeni yake: mihadhara ya mwanahistoria Walter Rodney, minong'ono ya Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika wa Juni 1974, mabishano ya wanafunzi ambayo hakuna karani aliyetumwa kuyaandika.

Masjala ya chuo hutunza maamuzi. Utakuta humo mihutasari ya vikao, barua za ajira, matokeo ya mitihani. Mwanafunzi wa 1968 alisoma gazeti gani bwenini, alimdai nani, alimwandikia nini mamaye: hayo hayana jalada.

Chukua tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa na majoho yao, wakipinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza kupunguza mishahara ya wakubwa serikalini, wa kwake ukiwamo, na vijana karibu 400 wakarudishwa makwao. Upande wa Serikali unajulikana vizuri. Upande wa kijana aliyeshuka basi kijijini katikati ya muhula, akatakiwa kumweleza babaye kilichomrudisha, uko kwenye barua alizoandikiana na wenzake, kama mchwa hawajazimaliza. Walio hai miongoni mwao ni wazee wa miaka 80 hivi. Hatuna muda mrefu.

Ndiyo maana nasema chuo kinapowaita watu wake warudi, michango isitangulie. Mwaliko wenye namba ya akaunti kwenye ukurasa wa kwanza unamwambia mzee kwamba kinachotakiwa ni pochi yake. Mwulizeni kwanza ana nini sandukuni, na mpeni kijana wa Idara ya Historia akae naye na kinasa sauti kwa saa mbili. Fedha zitakuja zenyewe, na zisipokuja, mazungumzo yale peke yake yametosha kulipa nauli.

Orodha ya wa kuita nayo ina mitego. Chuo kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, chini ya Chuo Kikuu cha London. Kikahamia Mlimani 1964. Tangu 1963 hadi 1970 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, kwa hiyo Wakenya na Waganda walikuja kusoma sheria Dar es Salaam. Yoweri Museveni naye alisoma hapo kuanzia 1967, ingawa si sheria. Wapo pia waliosomea kilimo Morogoro kabla ya Sokoine kuwa chuo kikuu kamili 1984, na madaktari wa Muhimbili wa kabla ya 2007. Vyeti vyao vinasema Dar es Salaam, lakini siku ya mkutano wa wahitimu kila chuo hudhani wenzake ndio watakaowaalika.

Wengine hawatarudi kwa vicheko. Mwaka 1990 mwanafunzi wa kike alijitoa uhai baada ya kudhalilishwa na wanafunzi wenzake. Historia ya chuo ikiandikwa kwa picha za mahafali tu, waliokuwa naye bwenini watajua wazi kuwa kumbukumbu zao hazitakiwi.

Sasa, mwenye sanduku afanye nini? Kwanza asilipange upya. Mpangilio wa mwenyewe humwonyesha mtafiti kipi kiliendana na kipi. Atoe pini na stepla zenye kutu taratibu, asizibe karatasi iliyochanika kwa selotepu, wala asipige lamineshi. Magazeti ya wanafunzi kama Cheche, lililopigwa marufuku 1970, yalidurufiwa kwa stensili kwenye karatasi hafifu ambayo hugeuka kahawia na kuvunjika ikikunjwa. Joto na unyevunyevu wa Pwani huiharakisha. Nakala moja yenye vumbi ni afadhali kuliko nakala "iliyosafishwa".

Nyuma ya picha aandike kwa penseli laini majina kuanzia kushoto, mahali na mwaka. Picha isiyo na majina huwa pambo la ukutani baada ya kizazi kimoja. Kaseti za zamani asizicheze kuzijaribu, maana mkanda uliokaa miaka 40 unaweza kukatika mara hiyo hiyo. Atuletee hivyo hivyo sisi tunaokusanya kumbukumbu hizi. Na picha isitumwe kwa WhatsApp kama kawaida, kwa sababu hubanwa na kupoteza ubora. Tunaomba yenyewe tuiskani.

Wengi husita kwa kuhofia siri, na hofu hiyo ina msingi. Nyaraka za ofisi za umma huongozwa na sheria ya 2002, ambayo kwa kawaida huzifungua baada ya miaka 30, lakini barua za mtu binafsi ni mali yake. Asiyetaka zisomwe angali hai aandike sharti hilo siku ya kukabidhi, ataje na mwaka wa kufunguliwa. Tutazifunga mbele yake, naye ataondoka na hati yenye sahihi zetu wote wawili.