Je, wajua kwa nini mgonjwa wa kusahau hurudia swali lile lile?

"Basi linaondoka saa ngapi?" Umemjibu bibi kwamba leo hakuna safari. Chai haijapoa, anauliza tena, na nguo zake ameshazifunga kwenye kanga. Wengine nyumbani husema anafanya makusudi. Wengine huanza kunong'ona habari za kurogwa, maneno ambayo yameshawaponza wazee wengi.

Chanzo kikubwa cha kusahau kwa namna hii uzeeni ni ugonjwa wa Alzheimer. Kwa kawaida huanza kuharibu hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayopokea mambo mapya na kuyahifadhi. Jibu ulilompa halikuhifadhiwa, kwa hiyo kwake hilo swali ndiyo kwanza linaulizwa. Kumbukumbu za kale zimekwisha kukita mizizi kwingine ubongoni, ndiyo maana atakusimulia harusi yake mwanzo mpaka mwisho na asijue kama amekula mchana.

Hisia, hata hivyo, hubaki. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer vipande vya filamu, vya huzuni na vya furaha. Muda mfupi baadaye wagonjwa hawakukumbuka mengi waliyoyaona, lakini huzuni au furaha ilikuwa ingali nao. Basi ukimfokea "Nimeshakwambia!", maneno yatapotea na uchungu utabaki, na uchungu huo utamrudisha kwenye swali lile lile.

Kwa maoni yangu, linalohitaji jibu ni wasiwasi ulio nyuma ya swali. Muulize, "Bibi, unakwenda kumwona nani?" Huenda akasema mama yake, aliyefariki zamani. Usimtangazie msiba kila mara, maana kila mara atausikia upya na kulia upya. Sema, "Nisimulie, mama alikuwa anapenda kupika nini?" Mshike mkono, kisha mpe sinia la mchele achambue. Mikono huzijua kazi za miaka mingi hata majina ya wajukuu yakipotea, na mikono ikipata kazi, swali mara nyingi hutulia. Safari ya kliniki mwambie asubuhi ya siku yenyewe. Jioni wasiwasi huzidi kwa wengi, kwa hiyo washa taa mapema na punguza kelele za redio.

Akibadilika ghafla, ndani ya siku moja au mbili, mpeleke hospitali. Maambukizi ya njia ya mkojo, kukosa choo, maumivu asiyoweza kuyaeleza au dawa mpya vinaweza kumvuruga vibaya.

Na anayemuuguza? Mara nyingi mzigo wote humwangukia binti mmoja, ndugu wengine wakituma fedha na salamu. Fedha inasaidia sana, lakini haimpi usingizi. Kaka aje Jumamosi akae na bibi kutwa nzima, ajibu yeye habari za basi, dada alale.